Swichi Iliyokaa Kwenye Droo Yangu

Mimi ndiye niliyemfundisha mfanyakazi mmoja wa kiwandani kwamba kinga ya mashine inaweza kuondolewa na kazi ikaendelea. Kwa maneno nilimfundisha kinyume chake, tena mtihani niliomtungia ulikuwa na swali la usalama, na alilijibu vizuri kabisa. Lakini kwa mikono yangu, jioni baada ya jioni, kwenye karakana ya chuo kilicho jirani na Msamvu, mjini Morogoro, nilimwonyesha jambo jingine. Miezi kadhaa baadaye mashine ya kiwandani kwao ilimbana mkono wa kulia, ikamwachia vidole vitatu. Kiwanda kikaandika kuwa ni uzembe wake. Nilipoulizwa, nilijibu kwa namna ya kujificha. Mambo hayo mawili, nililolifanya karakanani na nililolinyamazia ofisini, ndiyo ninayoyaungama hapa.

Chuo sikitaji na kiwanda sikitaji. Vyote viwili vina makosa yao na watu wa kuyasema wapo. Mimi nina langu, na nimeona kwamba kila nikianza kulieleza kwa kuwataja wao, langu linapotelea katikati.

Morogoro ni mji uliozoea kuletewa mitambo. Ukipanda daladala ya Kihonda pale Msamvu, milima ya Uluguru ukaiacha mgongoni, unaingia eneo ambalo enzi za Mwalimu Nyerere lilijengwa viwanda kimoja baada ya kingine: ngozi, viatu, maturubai, vitambaa vya polista. Kile cha viatu kinatajwa mpaka leo katika vitabu vya uchumi duniani. Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikapangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kuta zake zilikuwa za alumini, pasipo mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Mashine ikiharibika haitengenezeki kwa wakati, kipuri hakipatikani. Kila mwalimu wa ufundi mjini hapa ameisikia habari hiyo. Mimi nimeihadithia darasani mara nyingi, na kila mara niliimalizia kwa kuwaambia vijana kwamba mtambo usio na mtu aliyefundishwa ni chuma tu. Niliisema kwa uhakika wa mtu anayedhani kosa la namna hiyo ni la wakubwa wa zamani, wala haliwezi kumfika yeye.

Kwa hiyo siku kiwanda kilipokuja kuomba tukifundishie wafanyakazi wake, nilifurahi kwa moyo wote. Kwa muda mrefu viwanda na vyuo vya nchi hii vimekuwa vikinung'unikiana. Sheria ya mwaka 1994 iliyoianzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliweka pia tozo ya ufundi stadi, na waajiri wanailipa mpaka leo kwa kukokotoa jumla ya mishahara wanayotoa. Mwaka 2023 kiwango kiliwekwa kuwa asilimia 3.5. Wenye viwanda wanasema wanalipa lakini mafundi hawawaoni. Wana haki, maana si fedha yote hiyo inayofika karakanani. Walimu nao wanasema viwanda havitaki kufungua milango. Nao wana haki. Serikali ilipoanza programu ya kukuza ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kiwanda cha nguo cha Tooku pale Mabibo, Dar es Salaam, kikafundisha vijana kushona ndani ya kiwanda chenyewe, wengi wetu tuliona njia imepatikana. Nilikuwa naitaja sana Ujerumani kwenye vikao, ambako sheria ya mwaka 1969 inamfanya kijana anayejifunza ufundi kuwa mwajiriwa wa kiwanda kwanza, shule ikimpata siku chache tu za wiki. Niliitaja bila kujiuliza kwa nini Wajerumani wameamua kijana akae zaidi kwenye mashine inayofanya kazi kuliko kwenye ile ya kujifunzia.

Kiwanda kilichotujia kinafungasha bidhaa za unga kwenye vipakiti vidogo, vile vinavyoning'inizwa maduka ya mitaani. Mashine zao za zamani ziliendeshwa na mota moja, mnyororo na kemu. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye shafti moja: shafti ikizunguka mara moja, nailoni imeshuka, unga umemwagika, taya zimebana, kisu kimekata. Mota ikizimwa, vyote vinasimama pamoja. Kwenye mashine mpya shafti hiyo haipo. Ndani ya kabati la umeme kuna PLC, kompyuta ndogo inayoamrisha kila kiungo peke yake: mota hii ivute nailoni, valvu ile iachie upepo taya zibane, ile nyingine iziachie. Amri zinatoka pale sensa zinaporidhika. Moja inatazama alama ya rangi iliyochapwa ukingoni mwa nailoni, nyingine inatazama kama unga upo wa kutosha juu kwenye faneli. Mojawapo isiporidhika, mashine inangoja. Ikisharidhika, inaendelea yenyewe, bila mtu kugusa kitu.

Nawaomba wasomaji wasio mafundi waishike hiyo sentensi ya mwisho.

Mashine mpya zilipofika, uongozi wa kiwanda ungeweza kuwaachisha kazi waendeshaji wa zamani na kuajiri vijana wenye diploma. Haukufanya hivyo. Ulitaka watu wake wafundishwe, wengi wao wa darasa la saba na kidato cha nne, na kwa hilo mpaka leo nawaheshimu. Wakatuletea na mashine moja ya kujifunzia, ya kizazi cha kwanza cha PLC, waliyokuwa wameshaitoa kwenye mstari wa uzalishaji. Makabidhiano yalikuwa na picha na hotuba. Sasa najua kwamba chuo kinapopewa mashine ambayo kiwanda hakiihitaji tena, kinapewa pamoja na sababu iliyofanya isihitajike. Siku ile sikuwaza hivyo. Nilikuwa mwalimu ambaye kwa miaka alifundisha mifumo ya udhibiti kwa kuchora ubaoni, na sasa nina mtambo wa kweli.

Walikuja jioni wakitoka zamu ya mchana. Wanashuka Msamvu, mwingine ananunua machungwa kwa wale vijana wanaokimbilia mabasi ya Dodoma na Iringa, wanaingia karakanani unga bado uko kwenye nyusi. Mkubwa wao kwa umri alianza kibarua kwenye viwanda vya Kihonda akiwa kijana, kabla havijaanza kufungwa. Nilikuwa namwamkia shikamoo kila nikiingia, naye anaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akiona haya kuamkiwa na mwalimu wake mbele ya watu. Nilimwita mzee, yeye akaniita mwalimu. Aliandika polepole, kila neno, hata yale niliyosema ya kupitisha muda. Kwenye mashine za zamani alikuwa hana mpinzani. Wenzake walisema alikuwa anasikia beringi inayotaka kufa siku mbili kabla haijafa, akiwa amesimama mlangoni.

Jioni moja aliniuliza swali. Mashine yetu ilikuwa imesimama katikati ya kazi kwa sababu alama ya rangi haikuonekana. Akaitegea sikio, akazunguka nyuma, akarudi. Akasema, "Mwalimu, hii haina mlio. Nitajuaje kama imezimwa au inangoja?"

Nikamwambia asome kioo. Kioo kilikuwa kinaandika kwa Kiingereza, mstari mmoja mdogo, rangi ya kijivu. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikaendelea na somo la vitufe.

Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa katika programu nzima. Mtu aliyekaa na shafti na kemu kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa ananiambia, kwa lugha ya fundi, kwamba kinga yake yote iko masikioni na mashine hii imemnyang'anya. Ningelisikia, ningesimamisha ratiba yangu na kutumia jioni nzima, au wiki nzima, kwa jambo hilo moja: mashine iliyosimama haijazimwa. Nilikuwa na mada za kumaliza.

Sasa nije kwenye swichi.

Mbele ya taya kuna mlango wa plastiki angavu. Kwenye bawaba yake hukaa swichi ndogo, ya ukubwa wa kiberiti, yenye kigurudumu kwenye ncha. Mlango ukifunguliwa, kigurudumu kinaachia, umeme wa amri unakatika, taya haziwezi kubana. Kwenye mashine tuliyoletewa swichi hiyo ilifika ikiwa imekufa. Niliandika ombi la kununua nyingine, ombi likaenda manunuzi, na manunuzi yana mwendo wake. Wanafunzi walikuwa wameshafika. Nikafungua kabati, nikakata kipande cha waya mwekundu, nikaunganisha ncha mbili za swichi, nikazungushia tepu ya bluu. Mafundi tunaita kupiga dairekti. Sidhani kama yupo fundi umeme katika nchi hii ambaye hajapata kupiga dairekti kwenye pampu ya kisima, friza ya buchani au mashine ya kusaga. Kipuri kinachelewa, mteja anasubiri, unaunga, kazi inakwenda.

Nilifanya mbele yao. Mmoja akaniuliza ni waya upi umeingia wapi, nikamwonyesha kwa kidole na kwenye mchoro. Kisha nikasema, "Hii ni ya darasani tu."

Kama ningeishia hapo, ningeweza kujitetea kwa kuchelewa kwa kipuri. Lakini swichi mpya ililetwa, na kundi lao lilikuwa bado halijamaliza. Storkipa alinikabidhi ikiwa ndani ya boksi lake, nikasaini kitabu. Nikaiweka kwenye droo ya meza yangu na nikaiacha humo.

Niliiacha kwa sababu mlango wazi ulinifaa. Mlango ukiwa umefungwa, watu waliozunguka mashine wanaona plastiki yenye mikwaruzo. Ukiwa wazi, wanaona nailoni inavyojikunja kuwa bomba, taya zinavyobana, kisu kinavyopita katikati na kutenga pakiti hii na inayofuata. Somo lilieleweka. Naweza kusema kwamba halijapata kueleweka hivyo tangu nianze kufundisha. Wageni waliotembelea karakana walisifu, mkuu wangu alisifu, na mimi nilijisifu moyoni. Kila jioni watu wazima, wenye watoto wanaosoma, waliniona nikisogeza mkono kufuta taya kwa kitambaa mashine ikiwa na umeme, mlango ukiwa wazi, na hakuna baya lililotokea. Niliwafundisha hivyo mara nyingi kuliko nilivyofundisha somo lingine lolote.

Ili mtu aelewe kilichofuata, lazima ajue habari ya kufuta taya. Unga hurushwa. Ukikaa kwenye taya, nailoni haishikani sawasawa, pakiti inavuja. Mwendeshaji anatakiwa afute. Swichi ikiwa nzima, anafungua mlango, mashine inakata, anafuta, anafunga, anawasha upya, na pakiti kadhaa za mwanzo zinatupwa kwa sababu hazikujaa vizuri. Pakiti zilizotupwa zinahesabiwa, na hesabu ya zamu inaonwa na msimamizi asubuhi. Kwenye mashine za kemu hakukuwa na swichi wala mlango. Mtu alifuta kwa kufuata mwendo: taya zinaachana, kitambaa kinapita, mkono unatoka, taya zinabana. Mwendo haukubadilika hata siku moja. Waendeshaji wote wa zamani walikuwa na kitambaa mfuko wa nyuma. Nilikiona kitambaa hicho kila jioni na sikuuliza ni cha nini.

Usiku wa ajali, kwenye mashine mpya ya kiwandani, pakiti zilianza kuvuja. Mzee alifungua kabati, akapiga dairekti kwenye swichi ya mlango. Swichi ya kiwandani ilikuwa nzima, haikuwa na tatizo lolote. Fundi umeme aliyekuja baadaye alisema waya ulikuwa umeungwa kwa usafi na kuzungushiwa tepu vizuri. Wala sikuhitaji kuuona ili niujue.

Alifanya kazi hivyo muda fulani, salama. Kisha mashine ikasimama. Unga juu kwenye faneli ulikuwa umeshuka chini ya usawa wa sensa. Kioo kiliandika hivyo kwenye mstari wake wa kijivu. Mashine ikanyamaza, na kwa mtu wa shafti na kemu, mashine iliyonyamaza ni mashine iliyokufa. Akaona hiyo ndiyo nafasi ya kufuta taratibu, bila haraka. Akaingiza mkono na kitambaa. Mwenzake akapanda ngazi upande wa pili, akamimina mfuko wa unga kwenye faneli, akifanya anachotakiwa kufanya. Sensa ikaridhika. Taya zikabana. Joto la taya hizo hupita nyuzi 100.

Baadaye wakaja chuoni watu wawili wa kiwanda, afisa rasilimali watu na mtu wa kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi juu ya hatari za kazi yake, na wao walitaka kujua kama mafunzo yalitolewa. Swali lao kwangu lilikuwa la wazi: je, katika mafunzo mliwaonyesha kuondoa swichi ya mlango? Nikafungua muhtasari wa somo ukurasa wa usalama. Nikatoa karatasi ya mtihani ya mzee, nikawaonyesha jibu lake kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba kinga za mashine hazitolewi kwa sababu yoyote ile. Kila karatasi niliyowapa ilikuwa ya kweli. Mashine yenye waya mwekundu ilikuwa upande wa pili wa ukuta niliokuwa nimeuegemea, na sikuwapeleka. Walishukuru, wakaandika, wakaondoka.

Nikaingia karakanani, nikavuta waya, nikatoa swichi kwenye droo nikaifunga. Ilikuwa kazi ya dakika chache.

Fidia yake ilitoka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 kwa kawaida haudai kwanza kujua nani ana kosa. Wakati wa matibabu alilipwa asilimia 70 ya mshahara kama sheria inavyotaka, na kwa kuwa daktari aliupima ulemavu wake chini ya asilimia 30, kilichobaki kilikuja kwa mkupuo. Lakini faili lake lilibaki na lile neno, uzembe. Aliporudi kazini alipewa kazi ya kuhesabu maboksi ghalani, na wenzake vijana wakawa wanatajiwa jina lake kwenye kikao cha asubuhi kama mfano wa mtu asiyefuata mafunzo. Mafunzo yangu aliyafuata kuliko wote. Nilizipata habari hizo kutoka kwa kundi lililofuata, kwenye karakana ileile, sasa swichi ikiwa mahali pake. Nilizisikia nikaendelea kufundisha. Sina maelezo mazuri ya kwa nini nilikaa kimya muda wote huo. Nilikuwa naogopa barua, naogopa jina langu, na kila siku iliyopita iliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi.

Hatimaye nilikwenda kwake Kihonda. Mama wa nyumba alinikaribisha vizuri kwa sababu alijua mimi ni mwalimu wa mume wake, akaniwekea kiti kivulini, akaenda kuandaa chai. Nilimwamkia mzee, akaitikia. Mkono aliuweka mapajani, umefunikwa na ule mwingine. Nikamweleza yote, kuanzia ombi la manunuzi mpaka droo. Alisikiliza mpaka mwisho.

Akauliza, "Siku walipokuja kwako kukuhoji, waya ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, mzee."

"Ukautoa lini?"

Nikamwambia.

Akakaa. Kisha akasema kosa la kuunga waya analielewa, maana hata yeye ni fundi, ameunga nyaya nyingi maishani. La kuutoa ndilo halielewi. Mama alirudi na chai, akatuangalia, akaiweka chini na kurudi ndani. Sikuinywa. Mzee hakunisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake kwa mgeni wake si dogo.

Niliandika barua mbili, moja kwa mkuu wa chuo, moja kwa kiwanda, nikaeleza kila kitu kama nilivyomweleza yeye. Chuo kilinipa onyo la maandishi na kuniondoa kwenye programu kwa muda. Kilikuwa na haki. Kiwanda kilichukua muda kujibu, lakini kilijibu: taarifa ya ajali imerekebishwa na neno uzembe limefutwa kwenye faili lake. Waliniomba pia nikakae na mafundi wao tutazame programu ya PLC. Nilikubali kwa sharti kwamba mzee awepo. Yeye akakubali kwa sharti lake, kwamba tukutane pale penye mashine usiku, zamu ikiwa inaendelea, wala si ofisini.

Usiku ule nilijifunza kazi ambayo nilikuwa nimeifundisha kwa miaka. Nilisimama na waendeshaji kuanzia zamu inapoanza. Niliona unga unavyokaa kwenye taya ndani ya muda mfupi tu, niliona jicho la mwendeshaji linavyokwenda kwenye hesabu ya pakiti na kurudi, niliona mkono unavyogusa mfuko wa nyuma. Nilikuwa nimepata kutembezwa kiwanda kile mchana na meneja, nikiwa na kofia ya mgeni. Nilipokuwa chuo cha walimu wa ufundi pale Kihonda tulifundishwa kuanza na kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Niliandika hivyo kwenye mtihani wangu nami nikafaulu.

Mabadiliko yaliyofanywa si makubwa. Programu sasa hairuhusu mashine kuendelea yenyewe baada ya kungoja. Mtu lazima abonyeze kitufe cha kuanza, na kitufe kiko mahali ambapo anayekibonyeza anaona taya. Kabati la umeme lina kufuli, ufunguo uko kwa fundi wa zamu. Pakiti zinazotupwa baada ya kufuta hazihesabiwi tena dhidi ya mwendeshaji, na hilo nadhani limeokoa vidole vingi kuliko kufuli. Mzee aliomba kitu kimoja zaidi: mashine inapongoja, itoe mlio. Wakafunga king'ora kidogo chenye taa ya njano. Kinakera, vijana wanalalamika.

Kwa upande wangu nimerudishwa kufundisha. Ninaamini sasa, tena kwa nguvu, kwamba mwalimu wa ufundi hapaswi kusaini mpango wa kufundisha wafanyakazi wa kiwanda kabla hajafanya zamu ndani yake, na zamu hiyo iwe ya usiku. Naamini kiwanda kinachotaka watu wake wafundishwe teknolojia mpya kitoe muda kwenye mashine zake zinazofanya kazi, hata kama ni saa chache kwa wiki, badala ya kutoa chuma chakavu na picha. Nimeyasema haya kwenye vikao na nimeombwa niyaweke kwa maandishi. Nimeyaweka, pamoja na sababu yake, na jina langu chini.

Kuna jambo halijakwisha. Nilitaka mzee afundishe. Somo la taya hakuna anayeliweza kuliko yeye, na wala sisemi kwa ajili ya mkono wake. Nasema kwa ajili ya masikio yake na miaka aliyonayo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010: mtu anahojiwa, anafanya kazi mbele ya watathmini, akifuzu anapewa cheti. Alipitia, akafuzu kama fundi mitambo. Niliposhika cheti chake nilidhani mlango umefunguka. Kumbe kanuni za malipo za chuo hazina daraja la mkufunzi asiye na diploma. Wamependekeza aje kama mgeni, alipwe nauli na chakula. Nimewasilisha ombi kwenye bodi ya taaluma kwamba daraja hilo lianzishwe, na kikao kitakaa baada ya mitihani. Mzee ameniambia kwa nauli na chakula hatakuja, na nimemwambia asije.